Kilichomo, Thamani

Nafanya kazi dirisha la mizigo, stendi ya Moshi.
Kalamu yangu ni ya wino mzito, inanuka kama dawa ya viatu,
na siku nzima naandika maneno machache kuliko mtu yeyote mjini:
USIPINDUE. MAYAI. MBEYA. ATAPOKEA NDEKIRWA.
Kwa hiyo niliposema nitaandika hadithi ya maneno hamsini
nilidhani mkono umeshazoea.

Jumatatu, chumbani Pasua, nilianza na mlima.
Nikaufuta. Kila mtu hapa ana mlima,
hata duka la magodoro lina mlima.
Nikaweka mvua. Mvua ikaleta mwavuli,
mwavuli ukaleta mwenye mwavuli,
mwenye mwavuli akaleta shemeji,
shemeji akakaa, akaomba chai.
Maneno mia mbili na kumi na mbili,
na bado hajasema alichokuja kusema.

Mama kule Kibosho hupogoa kahawa kwa panga dogo.
"Ukiyaonea huruma matawi," husema, "utavuna majani."
Nikamfukuza shemeji. Nikamnyang'anya mwavuli.
Nikachambua sifa moja moja kama mawe kwenye mchele:
"mrefu", toka; "mpole", toka;
"ghafla", na wewe toka, taratibu.
Kufika saa sita usiku nilibaki na manne:

    Alirudi. Hakubisha hodi. Tulisogea.

Nikayasoma kwa sauti. Aikaeli, jirani, akauliza kupitia ukuta:
"Nani karudi?"
Basi. Nilikuwa nimepogoa mpaka kisiki.

Na lugha yenyewe ni fundi wa kufungasha.
"Hatukuonana": neno moja,
ndani yake mna watu wawili, siku iliyopita, na kukosana.
"Sikumwambia": mimi, yeye, na mdomo uliofungwa.
Neno limebeba ukoo mzima mgongoni
nami natafuta kivumishi cha kulisindikiza.

Alhamisi alikuja mama mmoja na bahasha ya kaki,
viatu vina udongo wa migombani.
Fomu yetu ni mistari mitatu.
Mpokeaji? "Eliakunda. Tunduma."
Kilichomo? "Ufunguo."
Thamani?
Akanyamaza. Foleni ikakohoa,
kijana wa maparachichi akatua ndoo yake chini.
"Lazima niseme?"
Lazima, mama, ili ukipotea tulipe.
"Andika: nyumba tumeuza."
Nikamwambia hapo panatakiwa namba.
Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa umri wa marehemu.
"Basi sifuri."
Akalipa elfu tano, akaikunja risiti mara nne.

Usiku nikajaribu kumwandika.
Nikampa jina, nikampa mume, nikampa kesi ya kihamba,
nikampa Eliakunda sababu nzuri ya kutorudi,
nikaipaka milango ya nyumba ile rangi ya bluu.
Kila nilichomwongezea kilimpunguza.
Nikafuta, nikaandika, nikahesabu kwa vidole
kama mtu anayehesabu nauli gizani.

Kitabu cha risiti kina nakala ya njano.
Karboni imechoka, lakini inasomeka:

    Eliakunda. Tunduma. Ufunguo. Sifuri.

Manne tena. Hayakuniuliza chochote.
Na humo ndani, changu ni mwandiko tu.

Siku ya kumi na moja bahasha ilirudi.
Mtu wa Tunduma kaandika juu kwa wino mwekundu:
NAMBA HAIPATIKANI.
Sasa iko rafuni, kati ya trei ya mayai na spea ya trekta,
mama hajaja kuiulizia,
nami nimeinamia daftari saa saba za usiku:
niyaongeze hayo mawili, yawe sita?
Nimeyaweka. Nimeyatoa.
Nimeyaweka.

Aikaeli, ukutani:
"Zima taa."