Mfuko

Mwongozaji ameagiza magauni saba ya kulalia, meupe,
membamba kama ganda la kitunguu,
yote saizi moja, kwani sita yatalowa damu.
Nashona usiku hapa Tartu, theluji imeziba dirisha,
kitabu kimelala wazi kando ya cherehani.

Kitabuni Leelo ana miaka hamsini na mbili,
goti bovu, koti la marehemu mumewe,
na kisu cha kuparia samaki mfukoni.
Kile kitu kinapobisha, anamalizia kwanza supu yake.
Halafu anafungua mlango.

Kwenye filamu ana ishirini na mbili.
Anakimbia. Anaanguka. Anaita, "Priit!"
na Priit, ambaye kitabuni alikufa ukurasa wa tisa,
anatokea na shoka.

Mimi fundi tu; sikuulizwa.
Lakini gauni la saba nimelitia mfuko,
upande wa kulia, kina cha kiganja.

Jana yule binti, Heleri, kabla ya kupiga yowe,
mkono wake uliteleza humo, ukatulia.
Yowe halikutoka.
"Kata!" akasema mwongozaji.
Heleri akabaki anakikodolea macho kile kitu
mpaka aliyekivaa akavua kichwa, akaomba maji.