Tairi la Tano

Tumuhairwe wa bondi ya Nakawa alinifungulia kila kitu:
boneti, milango minne, kisanduku cha dashibodi,
redio inayozungumza Kijapani na kushika stesheni mbili.
Buti hakulifungua.
Nami sikumwomba. Rangi ya samawati ilikwisha nipumbaza.

Usiku, nyumbani, ndipo nikainua zulia la nyuma
nikakuta shimo la duara, safi kama sufuria isiyopikiwa,
na ndani yake chupa ya gundi na kipampu cha kuchezea.
Nikampigia. Akacheka.
"Hilo gari la kisasa, mzee. Likitoboka unalipa dawa, unaenda."
Unaenda wapi?
Yeye hajapita Matugga msimu wa mvua,
pale lami inapong'oka meno.

Jumamosi nikashuka Kisekka.
"Matundu mangapi?" ndiyo salamu yao pale.
Nikajibu gari langu halina matundu, ni zima.
Wakacheka mpaka aliyelala juu ya rundo la milango akaamka.
Kumbe rimu huhesabiwa kwa matundu ya nati,
na mimi, siku nne nina gari,
sijui lina vidole vingapi.
"Manne," alisema Ssenkungu, keshachutama kuhesabu.

Akanipitisha kati ya vichwa vya injini
na taa zisizo na uso,
akavuta tairi moja, akaligonga kwa spana,
akatega sikio kama daktari wa kifua.
"Laki mbili."
"Themanini."
"Ndugu, unanunua tairi au unaniulizia hali?"

Akiba haiozi, walisema wa kale.
Wa kale hawakuuza matairi.
Mpira hukauka umekaa tu,
hupasuka kama kisigino cha kiangazi
bila kutembea hata hatua.
Yeye mwenyewe alinionyesha mawili ya namna hiyo, akayatupa pembeni.

Lakini hili lilikuwa na vinywele.
Vinywele vya mpira, vyembamba, vimesimama mwili mzima.
"Hili halijagusa ardhi," akasema.
"Lilitoka kwenye kigari kama chako.
Kiliingia chini ya lori la miwa kule Lugazi.
Dereva alitoka na viatu vyake, ondoa hofu.
Mbele ikawa karatasi. Manne ya chini nimeuza.
Hili lilikuwa nyuma, limelala.
Halikuitwa."

Halikuitwa.
Pale nikaacha kubishana bei.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule, Bombo,
nilikuwa golikipa wa akiba. Mechi kumi na moja.
Glavu aliniazima mjomba Ferajallah,
jezi namba kumi na sita, mama hakuwahi kuifua.
Kila mechi nilipasha misuli, nilifunga kamba, nilikaa.
Opiyo wetu golini alikuwa na mifupa ya reli.
Nilimwombea maumivu madogo,
ya dakika kumi tu, yasiyoacha kovu.
Mungu hakunisikia.
Namshukuru. Na bado kidogo nina kinyongo naye.

Laki na thelathini, pamoja na upepo.
Kijana akalibingirisha hadi garini kwa ncha za vidole,
akalipangusa kwa shati lake.
Shimo likalikataa: jembamba kwa sentimita mbili.
Tukalilaza juu juu, zulia likafura
kama tumbo la miezi mitano,
na tangu hapo buti hufungwa kwa kiuno.

Nikaelekea Bombo kumwonyesha mama gari.
Kila shimo, nyuma linagonga: du. Kisha kimya. Du.
"Lala," nikaliambia. "Usiitwe leo. Usiitwe kamwe."
Dua njema, ya mtu mwenye gari.

Kabla ya Kawanda nikaona haya.
Nikaegesha kando ya muuza mananasi,
nikafungua buti, nikaingiza mkono chini ya zulia,
nikabonyeza kwa kidole gumba.
Gumu.
Vinywele vyote vimesimama.
"Limepasuka?" muuza mananasi akauliza.
Nikamwambia hapana,
nalijulia hali tu.