Deni la Miguu

Miaka thelathini na moja nashona kofia barazani, Langoni.
Sindano yaingia, yatoka, kiua baada ya kiua,
vidole vyangu vimetembea mwendo wa kufika Pate na kurejea,
miguu imebaki juu ya jamvi,
imekunjwa kama barua isiyo na wa kuipeleka.

Kisha sukari ikapanda, presha ikaifuata
kama mtoto amfuataye nduguye dukani.
Nesi Mwanatumu akaniambia: "Mzee Shekuwe,
dakika mia na hamsini kwa wiki,
mwendo wa kukupandisha pumzi,
uweze kusema lakini usiweze kuimba."
Nikacheka. "Mwanangu, nitazitoa wapi?
Kofia moja yanila miezi miwili,
na bwana harusi hangoji."

Ukutani palikuwa na karatasi ya zamani, imepauka:
zisipungue kumi kwa mfululizo.
Akachomoa kalamu, akaikata ile kumi kwa mstari mmoja,
kama mwalimu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe.
"Hiyo tulikuwa tukiisema. Siku hizi hatuisemi.
Moja ni moja. Mbili ni mbili.
Hata nusu, ukiipandia ngazi kwa haraka,
mwili hauirudishi."

Nikaelewa palepale, maana mimi ni mtu wa daftari.
Bwana Famau alichukua kofia ya Idi mwaka juzi,
akailipa mia leo, hamsini Ijumaa,
siku moja akaleta samaki, nikaandika: samaki.
Sikumwambia hata mara moja kuwa hamsini si pesa.
Mbona basi nidhani mwili wangu
ni mdai mkali kuliko mimi?

Jumamosi: ngazi za nyumbani,
vipandio ishirini na tisa mpaka darini,
kutafuta uzi niliojua umo mfukoni.
Dakika moja.
Jumapili: ndoo mbili za maji, kutoka birikani hadi jikoni.
Dakika mbili, na nyonga ikanilaani.
Jumatatu punda wa Athmani wakaja mbio na mifuko ya saruji,
ukuta huku, ukuta huku, mimi katikati,
mtu wa miaka hamsini na minane, pindo la kanzu mkononi,
nikakimbia hadi daka la Bi Rukiya
nikaukumbatia mlango wake kama jamaa aliyerudi Hija.
"Na hiyo nayo ihesabiwe?" nikamuuliza Mwanatumu kwa simu.
Alicheka hadi laini ikakatika,
kisha akatuma ujumbe: Hiyo ihesabu mara mbili.

Sikuwa na saa. Nilikuwa na kipande cha bafta,
kila dakika nikaitilia mshono mmoja wa hariri.
Mke wangu akadhani nashona kofia ya mtoto ambaye hajazaliwa,
akaanza kuulizia mtaani nani mjamzito.

Alhamisi usiku nilikihesabu chini ya taa.
Mishono tisini na saba.
Nikarudia, huenda nimeruka.
Tisini na saba.
Nikamkumbuka Bwana Famau
alipokuja na sarafu za mwisho ndani ya leso,
akaziweka juu ya goti langu, moja, moja,
na namna tulivyonyamaza sote wawili
kama watu waliofikishana mahali.
Ilimchukua mwaka na miezi minne.

Darini mjukuu akaita: ana kiu,
au anajifanya ana kiu.
Mama yake akainuka. Nikamwambia, keti.
Nikachukua kikombe.
Kipandio cha kwanza, cha pili.
Cha saba, goti likalia.
Cha kumi na tano, niliweza kusema: "Naja, baba, naja."
Cha ishirini na tisa nilijaribu kuimba,
nikashindwa,
maji nusu yamemwagika,
nikashukuru.