Kutoka Ng'ambo Kwenda Ng'ambo

Nilitoka Ng'ambo kwenda ng'ambo,
na msicheke, ndivyo mtaa wetu unavyoitwa.
Nauli ilichangwa kwa madumu ya asali,
Kaswamila akauza baiskeli yake ya pili,
kwaya nzima ikasema: nenda,
katutazamie alikoishi mtunzi huyu
tunayemwimba kila Desemba bila kuijua sura yake.

Basi nikatazama.
Treni za kule, jamani, zinaona haya kuchelewa.
Dakika saba tu, watu wanaguna
kana kwamba mkwe kaachwa mlangoni.
Nikaikumbuka stesheni ya Tabora,
tunavyolala juu ya magunia tukiulizana
"Imeshapita Itigi?"
na hakuna anayejua.

Nyumba aliyozaliwa sasa ni duka la viatu.
Nyumba alimoolea imebomolewa.
Ya tatu, alimodaiwa kodi miezi kumi na minne,
ndiyo waliyoitunza, wakaiwekea kiingilio.
Kitanda kifupi. Dirisha linalotazama ukuta.
Kinanda kimezungushiwa kamba,
na pembezoni mwa karatasi, kwa mkono wake,
hesabu ya kuni: mbili, tatu, deni.

Na hapo, chini ya kioo, wimbo wetu.
Ule ule. Ubeti wa tatu,
pale penye nusu mwezi na nukta,
ambapo marehemu Padri alitufundisha kusita,
besi wakibana pumzi, soprano wakining'inia
kama tone la mvua ya kwanza kwenye ukingo wa bati.
Nikainama mpaka miwani ikagonga kioo.
Haikuwa alama.
Ilikuwa nta.
Mshumaa ulidondoka usiku mmoja akiandika,
labda alisinzia, labda alikohoa,
na fotokopi ya fotokopi ikalibeba doa mpaka kwetu,
likafika limevaa joho.

Bi Hedwig, mtunza nyumba, akaniuliza nalilia nini.
Sikuwa nalia, au sikujua.
Nikampa chupa ya asali ya miyombo.
Akaonja kwa kidole,
akatazama huku, akatazama kule,
akainua kamba.
Nikabonyeza "so" moja tu.
Imelegea kidogo, kama yetu ya Julai
mbao zinapokauka.

Nimerudi. Mnauliza nimewaletea nini.
Picha, vibiriti vya hoteli, kikohozi.
Na neno moja nimelikalia wiki mbili,
nikisema nitawaambia baada ya mazoezi,
baada ya misa, baada ya chai.

Jumapili ubeti wa tatu ukawadia.
Mkono ukapanda wenyewe.
Mkasita.
Kaswamila kafumba macho,
mtoto wa Mihayo kaacha kutafuna,
nje hata pampu ya baiskeli imenyamaza.

Nta nayo, nikawaza, ni kazi ya nyuki.
Sikuushusha mkono upesi.