Kidole Juu ya Reli

Baada ya kila mpigo, kabla harufu ya shaba iliyoungua haijatoka,
navua glavu ya kulia.
Kanuni zinakataza. Volkmar hujifanya anasoma saa.

Reli mbili za mita sita zatazamana
kama ndugu wasiosemezana.
Umeme huingia kwa huyu, hurudi kwa yule,
na katikati daraja dogo la alumini
husukumwa na ugomvi wao
hadi likaiacha nyuma sauti yake lenyewe.

Kapasita hujazwa haba na haba, dakika nne nzima,
chumba kikivuma kama nyuki ndani ya kabati la chuma.
Kibaba chote humwagwa
kabla ukope haujagusa ukope.

Kisha mimi na kidole changu.
Hapa, sentimita ya kumi na nane, daraja lilisita:
shimo dogo, kama alama ya ndui.
Hapa liliachia, upana wa unywele tu,
na penye upenyo moto haupigi hodi.
Shaba imelia machozi meusi mpaka mdomoni mwa mtutu.

"Umeme zaidi," alisema Volkmar mwaka wa kwanza.
Huvuka Mto Rhine kila asubuhi kwa baiskeli,
kutoka upande wa Ujerumani, mkate mweusi mfukoni.
Tukazidisha. Reli zikadumu mipigo mitatu.
"Si nguvu," nikamwambia, "ni mguso.
Anayekumbatia kwa pupa huvunja mbavu."

Tukaacha kuumwaga umeme wote mlangoni.
Tukaupanga njiani, kituo kwa kituo,
kila kimoja kingoje daraja lifike ndipo kifumbue kiganja.
Daraja tukalivika brashi za nyuzi za shaba,
laini kama za kumswakia mtoto,
zilike zenyewe ili reli isilike.
Miezi kumi na minne. Nyuzi nene, nyuzi nyembamba,
na Jumapili ngapi sijui nilizomkosesha mama.

Shambani kwa mama, chini ya milima ya Vosges,
trekta bado hufukua makombora
ya vita vya babu zake Volkmar na babu zangu,
yamejaa kutu, yamelala kama viazi.
Volkmar aliwahi kula pale. Mama akamwonyesha moja, dirishani.
Aliligeuza, akalirudisha mahali pake.
Akaomba chumvi.

Leo, mpigo wa mia moja na kumi na mbili.
Mita elfu mbili na mia tatu kwa sekunde.
Sahani ya chuma kule mwisho ina tundu la mviringo,
safi, unaweza kuchungulia.
Volkmar ananikumbatia, na mbavu zangu zimebaki nzima.

Navua glavu.
Napita mita zote sita, kushoto, kulia,
kwenda, kurudi.
Laini. Vuguvugu. Hakuna ndui, hakuna chozi.
Ndiyo kazi niliyoajiriwa niifanye mpaka iishe.

Kidole kimebaki hewani, hakijui pa kwenda.
Mtutu usioumia unapopiga
hauna sababu ya kungoja.