Kikohozi katika Sol

Gesi ilipochotwa chini ya viazi na ngano
ardhi ya Eenswierde ikaanza kujikuna usiku.
Nyufa zikapanda ukuta wa kanisa,
mafundi wakaja na mablanketi,
wakakivua kinanda mabomba yake, moja moja,
elfu moja mia moja na nne,
kama watu wanaomvua maiti pete.

Miaka thelathini na moja nilikaa kule juu,
mgongo kwa waumini,
uso kwenye kioo kidogo cha kumwonea mchungaji.
Sasa nakaa jikoni na kibodi mbili za plastiki,
kompyuta pembeni, karibu na birika.

Kinanda cha kwanza alinitengenezea Harmen, mpwa wangu.
Kabla ya mafundi alilala kanisani siku sita za Juni,
maikrofoni nane zimesimama kwa miguu ya chuma,
akanasa kila bomba, tangu pumzi yake ya kwanza
mpaka mwangwi wa mwisho chini ya dari ya mwaloni.
Alifukuza kunguru. Alimwomba jirani asiwashe trekta.
Berend wangu ndiye aliyembonyezea funguo,
kwa kuwa Berend hakuwa na kazi nyingine tena ila kufa,
na alitaka kuifanya akiwa na shughuli.

Ndiyo maana katika sol ya tatu, nikiuachia ufunguo,
sauti inapoyeyuka, pana kikohozi.
Kidogo. Cha mtu aliyejizuia akashindwa.
Harmen alisema: Shangazi, naweza kukifuta kwa dakika moja.
Nikamwambia: jaribu, uone kama utakunywa tena chai humu.

Lakini.
Sol ile ni ile ile, Pasaka ile, Jumapili ya kawaida ile.
Nikiishikilia inazunguka, kila sekunde saba,
kama punda wa kinu anayeijua njia.
Berend anakohoa, anakohoa,
wala hapati nafuu, wala hazidiwi.

Kinanda cha pili kimetoka kwa Sietske,
binti wa mjini aliyesomea mwendo wa hewa.
Yeye hakunasa hata mlio mmoja.
Aliingia ghalani yalikolazwa mabomba
na rula na tochi,
akapima urefu, unene wa bati, upana wa kila mdomo,
akaandika hata kiraka cha risasi
ambacho hakuna aliyekumbuka nani alikitia.
Vipimo vikawa hesabu, hesabu ikawa upepo.

"Umechora mkate," alisema Harmen, akikunja pua.
"Nawe una picha ya mkate wa juzi," alijibu Sietske.
Wakabishana mezani pangu hadi supu ya njegere ikaganda.

Mimi nikatua vidole kumi na miguu yote miwili
kwa mpigo, nilivyozoea kwenye ubeti wa mwisho,
na kinanda cha hesabu kikatweta:
upepo ukapungua, sauti zikalegea, zikajikaza,
vilevile mivukuto yetu ya ngozi ilivyokuwa ikichoka.
Nikacheka kwa nguvu.
Cha Harmen hakichoki kamwe. Kila bomba lilinaswa peke yake,
halijui kama mwenzake anakunywa upepo uleule.

Kisha Sietske akanionyesha mahali pa kupanga joto la kanisa.
Juni ya Harmen ni nyuzi kumi na nane, haitabadilika.
Nikashusha hadi nne: asubuhi ya Januari
tuliyofunga ndoa, maji ya ubatizo yakiwa na ngozi ya barafu,
Berend akipuliza viganja vyake kabla ya kunishika.
Mabomba yote yakashuka, yakanuna.
Siku ile hakuna aliyeinasa. Nikaisikia.

Usiku huu nimevaa visikizi, jirani asinung'unike.
Sikio halilali njaa.
Nyuzi nne. Sol ya tatu.
Naishikilia mpaka kidole kinatetemeka,
naachia, nangoja.
Mwangwi unakwenda mbali, safi, hauna mtu.
Birika linapoa.
Basi nakohoa mwenyewe.