Simu ya Mtumba

Nimeinunua Ngamiani, barabara ya nane,
kioo kina ufa, bei ina huruma.
Fundi Semkiwa aliapa kafuta kila kitu;
kasahau kibodi.

Nikiandika "na",
yenyewe inamalizia "naomba univumilie".
Nikiandika "kesho",
inakimbilia "nakuletea, Bi Mwajabu, haki ya Mungu".
Juzi namwandikia mke wangu "nakuja",
ikamfikia "nakuja na nusu".
Akajibu: na nusu nyingine umemwachia nani?

Simjui mwenye maneno haya.
Kitufe cha kuyafuta nakiona,
kidole kinakwenda, kinarudi.

Leo jioni mwenye nyumba wangu wa Makorora
kadai kodi ya miezi miwili, bila hata salamu.
Nimeandika "na",
nikaiachia simu,
mzoefu wa mambo hayo,
imalizie.